Injini Isiyo na Haraka: Somo Nililolipata kwenye Kibanda cha Kusaga, Kumsenga

Wanachuo wenzangu, hasa wa Fizikia na Hisabati, ule mchoro wa injini ya mipigo minne sote tumeuchora. Masanduku manne kwenye mstari: pistoni inashuka inavuta hewa, inapanda inaibana, inasukumwa chini na moto, inapanda tena kutoa moshi. Niliuchora sekondari, nikauchora chuoni, na mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nikauchora ubaoni mbele ya watoto sabini na kitu. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, kama dizeli haina plagi, inawashwa na nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. "Yaani hewa ikibanwa tu inapata moto, mwalimu?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Nilimwona usoni kwamba hajaridhika, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimekariri tu.

Wiki chache baadaye nilikuwa likizo nyumbani Kumsenga, kule Kibondo, ambako asubuhi za kiangazi ni za kuvaa sweta. Babu mzaa mama ana kibanda cha kusaga unga. Zamani kinu kilizungushwa na dizeli ya silinda moja. Nguzo za umeme zilipofika, mjomba akafunga mota na dizeli ikabaki palepale kwenye zege lake. Miaka saba. Kuku walikuwa wanatagia nyuma ya pipa lake la maji.

Siku ya tatu ya likizo alikuja mnunuzi wa chuma chakavu. Akaizunguka, akaigonga na nyundo, akatamka laki tatu na nusu kwa yote, flaiwili na zote. Mjomba alitaka kuuza, na sisemi alikosea: binamu yangu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano na godoro, sanduku na nauli vilikuwa bado. Babu alikaa kimya kwenye kigoda chake. Macho yake siku hizi yana ukungu, anatambua watu kwa sauti. Mimi ndiye niliyeropoka: "Mjomba, nipe muda niiwashe kwanza."

Mnunuzi alisema atapita tena baada ya wiki tatu. "Basi wiki tatu," mjomba akasema. "Asipoiwasha, mwanachuo asituletee tena fizikia yake hapa."

Polepole maana yake nini

Kwetu kila dizeli ya namna hii inaitwa Lista, hata ile ambayo Lister hawakuitengeneza. Jina linatokana na kampuni ya R A Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1867. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wanauza dizeli waliyoiita CS, kifupi cha maneno yenye maana ya kuwaka ikiwa baridi, yaani bila kupashwa moto kwanza kwa taa kama injini nyingi za kabla yake. Iliyovuma zaidi ni 6/1: nguvu farasi 6, silinda 1, mizunguko 650 kwa dakika. Waingereza waliendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1980. Wahindi, hasa wa mji wa Rajkot kule Gujarat, waliinakili na wakaendelea nayo hata Waingereza walipoacha.

Ya babu tulipoikwangua rangi tukakuta kibati kimeandikwa Rajkot. Mjomba alisikitika kidogo, alishasikia kwamba Wazungu wananunua Lister halisi kwa bei nzuri. Babu alicheka: "Miaka yote nawaambia watu ni ya Mwingereza."

Sasa angalia tarakimu. Silinda ya 6/1 ina kipenyo cha milimita 114 na pistoni inasafiri milimita 140, ambayo ni kama lita 1.4. Huo ni ujazo wa injini nzima ya gari dogo la mjini, na hapa unapata farasi 6 tu. Mtu wa haraka atasema ni hasara. Lakini nguvu ya injini inategemea pia inapiga mara ngapi kwa dakika, na hii imekubali kupiga kidogo ili isichakae. Chuma ni kinene, pistoni haikimbii, beringi hazichemki. Kitu kikichakaa kinachakaa taratibu, na kinapiga kelele muda mrefu kabla hakijavunjika.

Tatizo ni kwamba katika mizunguko miwili pistoni inasukumwa mara moja tu. Mipigo mitatu iliyobaki ni matumizi, hakuna mapato. Ndiyo kazi ya zile flaiwili mbili kubwa pembeni: zinapokea nguvu yote kwa mkupuo mmoja, zinaitunza, zinaitoa kidogokidogo mpaka mkupuo mwingine ufike. Ni bumu kabisa. Tofauti ni kwamba flaiwili haiendi kununua viatu wiki ya kwanza.

Tulichokikuta ndani

Niliogopa kitu kimoja: pistoni kushikamana na silinda kwa kutu. Injini iliyokaa miaka saba bila kuzungushwa, kwenye kibanda kinachovuja kila masika, ina haki ya kushikamana. Nikamwomba jirani yetu, fundi wa pikipiki, tusaidiane kushika flaiwili. Babu akasema kutoka kwenye kigoda: "Kabla hamjalazimisha, toeni kitambaa kwenye ekzosi."

Kitambaa gani? Nikaingiza vidole kwenye bomba la moshi. Kweli kulikuwa na kipande cha gunia kimesokotwa na kupakwa grisi, kimekaza kama kizibo cha chupa. Tukakitoa. Tukafungua silinda-hedi, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Juu ya pistoni kulikuwa na oili, nyeusi na nzito, imekaa kama uji uliolala. Kuta za silinda ziling'aa. Pistoni ilikuwa imesimama karibu na juu kabisa, mahali ambapo valvu zote mbili huwa zimefunga, kwa hiyo unyevu haukuwa na mlango wa kuingilia.

Yaani siku mota ya umeme ilipofungwa, mzee alimimina oili ndani, akazungusha injini polepole kwa mkono mpaka kwenye mbano, akaziba ekzosi, akafunga mlango. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu tu kwamba mashine haiachwi mdomo wazi.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano mkubwa wa jambo hilihili. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Wakati huo ilikuwa ya mvuke. Dizeli iliwekewa miaka ya 1970. Ilikaa majini miaka kama minane na ikafufuka. Injini ya babu ilikaa na kuku tu.

Sikusema kazi ilikuwa nyepesi, hata hivyo. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha na moja imevunjika. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa na mashimo. Niliisaga kwenye kiti chake kwa mkono, ukiizungusha huku na huku na dawa ya kusagia, siku moja na nusu mpaka mstari wa kijivu ukazunguka bila kukatika. Chini kwenye oili tulikuta mchanga mwembamba. Fundi alidhani umeingia kwa vumbi, ila kwenye kona za chuma ulikuwa umegandamana, nao ni mchanga wa kalibu, uliobaki tangu chuma kilipomiminwa kiwandani. Ni ugonjwa unaojulikana wa nakala hizi za India. Injini hii haina pampu ya oili wala chujio la maana: chini ya konrodi kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha kila mahali. Kukiwa na mchanga, nao unarushwa. Tuliosha kwa mafuta ya taa mara tatu, tukapangusa kwa vitambaa mpaka vikatoka safi.

Ringi na gasketi niliagizia Dar, zikaja na basi. Jumla na nauli ya kifurushi ilinila 97,000 za salio la bumu. Nawaambia ukweli ili asije mtu akadhani huu ni mchezo wa bure.

Hesabu ya yule dogo

Usiku tukisubiri kifurushi nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya ubaoni. Hewa ikibanwa haraka bila kupoteza joto, joto lake la kelvini linazidishwa na uwiano wa mbano uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.4. Chukua uwiano wa 17 na asubuhi ya nyuzi 20, yaani kelvini 293. Kipeo kinatoa karibu 3.1. Zidisha: kelvini 910, sawa na nyuzi 637 za selsiasi. Dizeli huwaka yenyewe ikizidi kidogo nyuzi 200. Kwa hiyo nozeli inapopuliza ule ukungu, hakuna haja ya plagi wala kiberiti. Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini ya wazo hili kule Augsburg mwaka 1897.

Lakini hesabu hiyo ni ya silinda isiyovuja. Sasa vuja. Ringi zikiwa zimekufa kiasi kwamba mbano uliobaki ni kama wa uwiano wa 5, kipeo kinatoa 1.9 na hewa inafika nyuzi 285 tu. Kuta za chuma baridi zinanyonya sehemu ya hizo, na unazungusha kwa mkono, polepole, hewa ikipata muda wa kutoroka. Haiwaki. Lister za mwanzo zilikuwa hata na kigurudumu kwenye hedi cha kupunguza chumba cha moto wakati wa kuwasha, ili mbano uongezeke. Ndiyo maana fundi wa zamani akiambiwa dizeli haiwaki anauliza kwanza kuhusu upepo, mafuta yanafuata.

Na sisi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar. Kila mvuto silinda inapata hewa pungufu. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka mkono ulipouma.

Siku ya kumi na sita

Tulipofunga hedi nilifanya kosa la haraka. Niliweka gasketi niliyoikuta imefaa matundu ya bolti, bila kupima nafasi kati ya pistoni na hedi. Babu akauliza: "Umeweka risasi?" Sikuelewa. Unachukua kipande cha waya laini wa risasi, ule wa kuunganishia redio, unaupitisha juu ya pistoni, unazungusha flaiwili kwa mkono mara moja, unautoa na kupima ulivyobondwa. Ukiwa mwembamba kama karatasi, pistoni itagonga hedi. Wangu ulitoka kama karatasi. Tukafungua tena, tukaweka gasketi nene zaidi, ukatoka na unene wa milimita moja na kidogo.

Halafu mafuta. Hewa ikiingia kwenye bomba la dizeli, pampu inabana hewa badala ya mafuta, na hewa inabanika tu, haifungui nozeli. Unalegeza nati, unaacha mapovu yatoke mpaka mafuta yaje bila povu, unakaza. Kisha unazungusha injini taratibu na kusikiliza. Babu alisogeza kigoda karibu. "Nozeli nzima inalia," akasema. Mara ya kwanza kimya. Tukatoa hewa tena. Mara ya pili ikatoa sauti ndogo kavu, krrk, kama mlango wa kabati. "Hiyo."

Kuwasha kwenyewe ni hivi. Unainua kishikizo kinachoiacha valvu ya moshi wazi, hivyo hakuna mbano. Unazungusha hendeli mpaka flaiwili zipate mwendo. Mwenzako anaangusha kishikizo. Mbano unarudi ghafla, na kama flaiwili zina akiba ya kutosha zinaivusha pistoni juu, inapiga. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli, kwa sababu injini ikirudi nyuma inaondoka nacho. Mimi nilisahau mara moja. Gumba lilipona ila kiganja kilivimba siku mbili.

Jaribio la nne ikapiga. Pu. Kimya kirefu, nikajua imekufa. Pu. Kisha pu, pu, pu, moshi mweusi, halafu wa kijivu, halafu hauonekani. Kuku wakakimbia. Bibi akatoka jikoni na mwiko. Nilitaka kupiga kelele, babu akaninyooshea mkono ninyamaze. Alikuwa anasikiliza.

"Iko chini," akasema. "Inazunguka kidogo."

Nikachukua simu, nikarekodi sauti ya ekzosi sekunde kumi, nikaicheza kwa mwendo wa polepole na kuhesabu. Mipigo 46. Mara sita ni 276 kwa dakika. Mara mbili, kwa kuwa mpigo mmoja ni mizunguko miwili, ni 552. Ilitakiwa 650, yaani mipigo 54 kwa sekunde kumi. Mzee alikuwa sahihi bila simu wala macho. Tukakaza springi ya gavana kidogokidogo, nikahesabu tena, 51, kisha 54. Jaribu kuhesabu hivyo mipigo ya gari: silinda nne kwa mizunguko 3,000 ni mipigo 100 kila sekunde, sikio linasikia mngurumo tu. Hii unaisikia ikifikiri. Ukimimina mahindi kwenye kinu, inainama kidogo, gavana anafungua mafuta, sauti inakuwa nzito, inarudi mwendo wake. Maji ya pipa nayo yanazunguka bila pampu: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Mada tatu za silabasi kwenye zege moja.

Wiki hiyo walikuja vijana wanne wa sekondari ya jirani, niliwaachia wao simu na hesabu. Mmoja aligundua mwenyewe kwamba valvu inafunguka mara moja kwa mizunguko miwili, kwa kuweka alama ya chaki kwenye flaiwili na kuhesabu. Nimeandika andalio la somo kutokana na siku ile, lipo, anayelitaka aniulize. Ila waalimu wenzangu: wanafunzi wakae hatua tatu kutoka kwenye mkanda na flaiwili, hakuna kitenge, skafu wala shati lililoning'inia, na injini isiendeshwe kwenye chumba kilichofungwa.

Inasaga nini?

Nilimwambia babu kwamba Uingereza kuna wazee wanaozikusanya injini kama hizi, wanazipaka rangi, na wakati wa joto wanakutana uwanjani kuziwasha siku nzima. Akauliza: "Zinasaga nini?" Nikasema mara nyingi hazisagi kitu. Alifikiri muda mrefu. "Basi hao wanazipenda kweli."

Kwa fedha siwezi kuitetea. Mota ya mjomba inawashwa kwa swichi, haili oili, na kwa bei ya dizeli ya sasa gunia lilelile linasagwa kwa gharama ndogo zaidi kwa umeme. Anayesema tuache umeme turudi Lista hajawahi kupiga hendeli alfajiri. Lakini siku ya kumi na tisa umeme ulikatika asubuhi na haukurudi mpaka usiku. Kina mama walikuwa wameshafika na madebe yao ya mahindi na mihogo mikavu, wengine wametoka mbali. Mjomba alinitazama. Tukahamisha mkanda, tukawasha. Yalisagwa madebe kumi na moja. Mjomba alihesabu hela mara mbili, akatoa za dizeli, zilizobaki akampa binamu bila kusema kitu. Hazikutosha godoro. Zilitosha sanduku.

Mnunuzi wa chakavu alipita siku aliyoahidi. Mjomba hakumkatalia wala hakumkubalia, alimwambia apite tena mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo sijui nikirudi nitaikuta.

Jioni ya kuamkia safari babu aliniita kibandani. Nikamimina oili kwenye mdomo wa kuvutia hewa huku nikizungusha taratibu mpaka ikaingia, kisha nikaleta pistoni juu kwenye mbano, flaiwili zikagoma kidogo kama zinavyogoma upepo ukiwa mzima. Yeye alikuwa ameshika bomba la moshi, ananisubiri niseme tayari. Gunia la zamani lilikuwa limeoza. Tulichana shati langu la kidato cha sita, tukapaka grisi, akalisokota na kuliziba mwenyewe kwa kupapasa.